Mwenzetu wa Kundi la Ukunga Asiyejibu Maswali

Leo nimefunzwa ukunga na mtu niliyekuwa namwonea huruma.

Tuko watano hapa mtaani Hai Malakal, tunasoma pamoja kwa ajili ya mtihani wa leseni ya ukunga. Mmoja wetu, Mama Keji, huwa hajibu swali hata moja. Tulijua atafeli.

Asubuhi jirani akashikwa na uchungu, tukakimbilia kwake. Mtoto akatoka hapumui.

Sisi wanne tukaanza kubishana hatua inayofuata. Msinicheke, mimi nilikuwa nafungua daftari!

Mama Keji akamkausha mtoto kwa kitenge chake, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi taratibu.

Mtoto akalia. Na mimi nikalia.

Mama Keji akanawa mikono, akaniuliza kwa aibu: "Dada, haya niliyofanya, kwenye mtihani yanaandikwaje kwa Kiingereza?"