Nilivyoifungulia Ndiva Siku ya Posa

Naona aibu hata kuandika, lakini kwa kuwa Gonja nzima wanajua, afadhali mnisikie mimi kuliko kumsikia shemeji yangu Namsifu, ambaye kila akisimulia ananiongezea matope.

Ilikuwa siku ya posa. Wazee wangu walikuwa wapande mchana kutoka Maore, mimi nilikuwa nimetangulia tangu jana yake (kimbelembele tu), mchumba wangu Nakijwa yuko jikoni na shangazi zake, sina kazi, basi nikamwomba mdogo wake Namsifu anipeleke kwenye maporomoko ya maji yaliyojificha kule juu msituni, nipige picha, nirudi nioge, nivae suti.

Njia ya watu inazunguka kilima kizima. Mimi nikaona mfereji mkavu, msafi, umepanda moja kwa moja kati ya migomba.

"Shemeji, hiyo siyo njia."

"Ngoja nikueleze," nikasema (mimi ni mwalimu, siwezi kujizuia). "Mfereji unatoka mtoni, mto unatoka kwenye maporomoko. Tukiufuata tumefika."

"Haya mwalimu, pita. Mimi nabaki huku njiani nikutazame."

Kwa wasiojua: ndiva ni bwawa la udongo ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku kucha. Chini lina tundu lililozibwa kwa gogo, na asubuhi gogo linachomolewa kwa ajili ya mwenye zamu. Zamu ikikupita, unasubiri mpaka wenzako wote wamalize, mimea yako ikikutazama. Haya yote nimeyafundisha darasani, kwa michoro! Lakini nilipofika mwisho wa mfereji nikakuta ukuta wa udongo ulioota majani, na kitu kama mzizi mnene kimejitokeza, nikakishika kwa mikono miwili nijivute juu.

Haukuwa mzizi.

Maji yalinipiga kifuani, nikakaa kitako, na kwa kitako hichohicho nikateremka mfereji wote niliopanda kwa majivuno, kiatu kimoja kikaenda zake, suruali ikachanika pale pasipotakiwa, mpaka nikakwama kwenye kisiki, mbele ya watu waliosimama na majembe. Walikuwa hata hawajaziba mfereji mkuu ili maji yaingie shambani, kwa hiyo yakawapita yote, yakaishia korongoni. Na mwenye zamu alikuwa nani? Mama yake Nakijwa, na tangawizi yake imeshaanza kunyauka.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa bado nimekaa.

"Marahaba. Wewe ndiye mkwe, au ndiye mafuriko?"

Watu wakaangua kicheko. Namsifu akapaza sauti kutoka juu, "Mama, nilimwambia! Akanifundisha!" Mama peke yake hakucheka. Alitazama matuta yake makavu, kisha akafungua kanga ya kiunoni akanitupia nijisitiri.

Kwa hiyo wazee wangu walipofika hawakumkuta bwana harusi mwenye suti. Walimkuta mtu aliyejifunga kanga, pekupeku, anapandisha ndoo za maji kutoka korongoni.

"Wewe!" baba mdogo akafoka. "Njoo ukae, tumekuja kwa ajili yako!"

"Mwacheni, baba," mama akamjibu taratibu. "Tangawizi ikilowa yote, na mimi nitatoa jibu langu."

Basi wakakaa barazani wakanywa chai, pande zote mbili, wakinitazama kama mpira wa miguu. Nakijwa alitoka jikoni, akaniangalia, akarudi ndani mabega yakitikisika (alidai baadaye alikuwa analia). Jua lilikuwa linashuka mama alipokuja kwenye tuta la mwisho, akachomeka kidole kwenye udongo, akakitoa, akakikagua.

"Haya," akawaambia wazee. "Mtoto nimewapa. Ila huyu, kwenye mfereji wangu asionekane tena."

Sionekani. Nanyi ndugu zangu, mkipanda huku milimani mkakuta mfereji mkavu asubuhi, msifurahie njia. Jiulizeni kwanza maji yako wapi.