Shati la Doto wa Busisi

Najua mtacheka. Chekeni tu, lakini mkimaliza nisikilizeni, kwa sababu jambo hili halikumpata binamu wa jirani yangu wala sikulisoma gazetini. Lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu, sijaonja hata togwa. Na kama kulikuwa na mtu mmoja Mwanza nzima asiyeamini mambo haya, mtu huyo alikuwa mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, niliyezoea kuwacheka mama zangu wadogo mpaka wananinyima chakula.

Kazi yangu ni kuchapa. Nilifundishwa na mwalimu aliyekuwa akitufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame vitufe, na nikatoka pale nachapa kwa vidole vyote kumi, kwa kasi ambayo hata nzi hakuthubutu kutua juu ya mashine. Wenzangu walirithi mashamba na ng'ombe. Mimi urithi wangu ulikuwa vidole kumi.

Enzi zile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kitu kilichotumika Ulaya kilikuwa kinateremka kwetu: mashati, friji, kompyuta. Nilikuwa na chumba cha kuchapia Nyakato na kompyuta moja nzee, nzito kuamka kiasi kwamba ukiiwasha unaweza kwenda kunyoa ukarudi ukaikuta bado inajikuna. Basi mkuu wa shule moja akanipa kazi ya kuchapa mitihani ya shule yake yote, ila alitaka ichapwe kwa programu mpya, ambayo mashine yangu haikuiweza. Nikishindwa, alisema, kazi hiyo na nyingine zote za shule zingehamia kwa jirani yangu mwenye mashine mpya. Kazi hiyo ikiondoka, na mimi nafunga chumba.

Kununua kompyuta mpya ilikuwa ndoto. Nikaamua kuifufua ya zamani kwa vipuri vya mtumba. Nikabakiza boksi, kioo na kibodi. Nikapata madabodi iliyotumika, yaani ubao mkuu wa kompyuta, pamoja na prosesa yake, ubongo wenyewe, nikazichukua zikiwa zimeshikana ili zisije zikakataana. Nikapima matundu ya skrubu kwa rula. Nikajaribu plagi ya umeme mara tatu, maana plagi ile ukiikosea unachoma kila kitu. Vyote vikakubali. Kikabaki kitu kimoja, memori, vile vipande vyembamba vya kumbukumbu ya mashine. Zangu za zamani zilikuwa fupi, hazikuingia. Madabodi hii ilitaka zile ndefu, tena ilizitaka mbili, ukubwa mmoja, kasi moja. Ukiweka moja peke yake inapiga mluzi tu, haiamki.

Aliyeniuzia hakuwa nazo. Akanielekeza Busisi, kwa fundi redio mmoja aitwaye Kulwa, ambaye zamani alifumua kompyuta mbovu za ofisi moja upande wa Geita.

Nikavuka kwa feri. Nikamkuta Kulwa kwenye meza yake karibu na maji, mtu mwembamba, mpole, ana kovu kwenye nyusi. Nikaeleza shida yangu. Akafungua kopo la maziwa, akatoa memori moja, safi, ya aina ileile niliyoitaka. Nikauliza ya pili iko wapi. Akasema anayo Doto, pacha wake, na Doto hayupo. Nikafikiri kaenda Sengerema au Geita, mtu na safari zake. Nikaamua kuchukua hiyo moja, ya pili nitaitafuta mbele ya safari.

Pesa Kulwa hakutaka. Alilitaka shati nililovaa. Nalo lilikuwa shati kweli! Nilikuwa nimelipata siku hiyohiyo kwenye robota jipya la mitumba, mistari ya njano na zambarau, kola pana kama masikio ya tembo. Ndani nilikuwa na fulana, kwa hiyo nikalivua nikampa. Akalikunja vizuri, akaniangalia.

"Na la Doto?"

Niambieni, kuna mtu aliyekulia Mwanza asiyejua kwamba pacha hapewi kitu bila mwenzake kupewa kama hicho? Nilijua. Lakini nilikuwa msomi, tena mwenye furaha. Nikacheka, nikamjibu, "Mwambie Doto aniletee ya pili ofisini. La kwake atalikuta kwangu."

Kulwa hakucheka. "Umesema wewe, kaka," akaniambia, akarudi kwenye redio yake.

Kwenye feri ya kurudi nilisimama upande wa kushoto, kwenye kingo, karibu na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Nilikuwa nimemwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia vizuri, tukapiga soga mbili tatu kuhusu bei ya dagaa. Jua lilikuwa linashuka. Nikageuka, nikamwona Kulwa amesimama ubavuni kwangu.

Kidogo nimuulize kama shati limembana. Halafu nikaona hana shati kabisa. Kifua wazi, upepo wa ziwa unakata kama kisu, na ngozi yake haikusisimka hata kidogo. Nikatazama nyusi zake. Kovu hakuna.

Akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika memori ya pili. Niaminini, niliipokea kwa mkono wa kushoto kabla akili haijafika, na vidole vyake vilipogusa vyangu ubaridi ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Katikati ya meno ya ile memori maji yalikuwa yanachuruzika.

"Nitakuja kuchukua langu," akasema. Sauti ilikuwa ya Kulwa, ila ilitoka mbali.

Nilikuwa nafungua mdomo kujibu nilipohisi mkono wa yule mama umenikamata fulana kwa nyuma. Hakumtazama yule mtu. Alitazama ndoo yake ya dagaa na kuninong'oneza, "Mwanangu, huyo usimwongezee neno. Huyo sisi tulishamzika."

Tulipofika Kigongo, upande wa Mwanza, nilibebwa na msukumano wa watu mpaka nchi kavu. Nyuma yangu yule mtu alibaki palepale kwenye kingo. Mabaiskeli, mizigo, mbuzi, vyote vilipita vikimkwepa bila mtu hata mmoja kuinua macho.

Mtaniuliza kwa nini sikuitupa ile memori ziwani. Nami nawauliza, ungekuwa wewe, mitihani inasubiriwa, chumba kinakaribia kufungwa, na kitu ulichokitafuta mji mzima kiko kiganjani? Nikaifuta, nikaianika. Kesho yake nikazichomeka zote mbili. Mashine ikaamka kwa mlio mmoja tu, ikahesabu memori yote, ikasimama tayari kama askari. Nikaruka kwa furaha. Nikaanza kuchapa. Mkono wa kushoto ulikuwa baridi, nikasema ni upepo wa jana.

Jioni, nikiwa katikati ya mtihani wa jiografia, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikasikia majirani wakilalamika, nikasikia jenereta la kiwandani likikohoa. Lakini kioo changu hakikuzimika. Waya uko ukutani, ukuta hauna umeme, na kioo kinawaka. Mtihani ulikuwa umepotea. Mashine ilikuwa inahesabu memori upya, namba zinapanda, zinapita kiwango cha vipande viwili, zinapita kiwango cha vipande mia, hazisimami.

Kwenye mwanga ule nikamwona mlangoni. Kifua wazi. Chini ya miguu yake sakafu ilikuwa imeloa.

Nilitoa kila nguo iliyokuwa mle ndani. Koti langu la kazi. Fulana niliyovaa. Nilishusha mpaka pazia, wallahi, nikampelekea. Akavitazama kimoja kimoja.

"Kama la Kulwa," akasema.

Halafu akaja, akanishika mkono wa kushoto, polepole, kama unavyoshika mkono wa mgeni unayemwonyesha njia. "Nitashika hapa mpaka ulilete."

Umeme ukarudi. Mlangoni hakuna mtu. Lakini mkono ulibaki umeshikwa. Niliuona kwa macho, niliuchoma hata kwa sindano, haukuwa wangu tena. Vidole vitano vimelala juu ya kibodi kama samaki waliovuliwa jana.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Nilikuwa nimempa pacha shati la mtumba! Shati la dukani utalipata la pili. La mtumba utalipata wapi? Lilishonwa nchi gani, likavaliwa na nani, mwenzake alikwenda bara lipi? Nilizunguka kila soko, nikasimama kila robota linapofunguliwa, mkono mmoja mfukoni. Wauzaji wakanicheka. "Msomi, shati la mtumba halina ndugu," mmoja akaniambia, na nikalia mbele yake kama mtoto.

Mkuu wa shule alikuwa ameshatuma mtu kuulizia mitihani. Nikarudi Busisi.

Kulwa alikuwa amelivaa lile shati. Aliponiona jinsi mkono ulivyoning'inia akaweka chini kazi yake. Ndipo akanieleza. Zile memori mbili walizitoa pamoja kwenye mashine moja, wakagawana. Doto alikuwa anaipeleka yake kwa mteja Mwanza, ameiweka kwenye mfuko wa shati, mtumbwi ukapinduka. Ziwa lilimrudisha baada ya siku kadhaa, bila shati.

"Tangu hapo anaona baridi," Kulwa akasema. "Nilikuuliza la Doto, ukacheka."

Nikamwambia shati la pili halipo duniani. Kulwa akalivua lake, akachukua mkasi wa kukatia waya, akalipasua mgongoni kuanzia kola mpaka chini. Tukaingia ziwani mpaka magotini. Akaiweka nusu moja juu ya maji, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo sitayarudia hapa. Kitambaa chepesi kama kile kingeelea, sivyo? Kilizama wima, mkono wa shati ukiwa wa mwisho, kama mtu anayelivaa.

Nilihisi nikiachiwa. Kidole gumba kwanza, kisha cha shahada, cha kati, cha pete. Kidole kidogo sikusikia kitu. Tukasubiri mpaka giza. Kulwa akakishika, akakirudisha taratibu.

"Umempa nusu," akasema. "Hicho amebaki nacho."

Mitihani niliimaliza kwa vidole tisa, na kazi ya shule haikuondoka. Lakini kidole kile ni baridi mpaka leo, hata nikikiweka juu ya jiko. Na kwa sisi tunaochapa bila kutazama, kidole kidogo cha kushoto ndicho cha herufi a. Hebu jaribuni kuandika Kiswahili bila a! Kila neno lazima niazime kidole jirani, na kila neno nakumbuka nani amekishika kile kingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetafuta vipuri, pima matundu, linganisha plagi, hayo mengine utayazoea. Lakini anayekuuzia akikuambia kwamba cha pili anacho mwenzake, usichukue hata hicho cha kwanza kabla hujamwona huyo mwenzake kwa macho yako, mchana, akiwa amevaa shati.