Kishimo Kilichozimika

Pale maabarani walimwita Bi Giza, na jina lilimkaa barabara. Kazi yake ilikuwa kulea seli zinazong'aa, zilizotiwa mlango mbovu wa chumvi, ule ambao kwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja wa kurithi haufunguki, kamasi ikawa nzito mapafuni mpaka ikawakaba. Kila kishimo cha sahani ya majaribio alikitia dawa yake ya kujaribiwa, kisha maji ya iodini. Dawa ikiufungua mlango, iodini huingia na mwanga huzimika. Kwa hiyo watu wa chumba kile, tofauti na binadamu wengine wote, waliomba giza.

Yeye aliomba kuliko wote. Binti wa mdogo wake alikuwa na ugonjwa huohuo. Ukimbusu kipajini, midomo inabaki na chumvi.

Asubuhi ile kishimo kimoja kilitokea kwenye skrini kikiwa cheusi tii. Ilimpasa kwanza atazame mwanga ulianzia kiwango gani kabla iodini haijatiwa, na hilo alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini aliyelingoja giza miaka yote halishuku linapokuja. Akatoka mbio hadi kwenye korido, akampigia mdogo wake.

"Tumepata!"

"Dada, usinitanie."

"Nimeona kwa macho yangu haya."

Mdogo wake akaangua kilio cha furaha. Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa, walisema wahenga. Bi Giza alikuwa ameshakata, na pindo ameshashona.

Mchana mkuu wa maabara, mtu mpole asiyepandisha sauti, alisimama nyuma ya kiti chake.

"Bi Giza, mstari wa mwanga wa kishimo chako umeanzia chini kabisa. Umeuona?"

Hakuwa ameuona. Aliipeleka sahani kwenye darubini. Katika vishimo vya jirani seli zilikuwa zimeshikana vizuri sakafuni. Katika chake zilikuwa zimejikunja, zimebanduka, zinaelea ovyo. Dawa haikufungua mlango wowote. Ilikuwa imeziua, na giza lilikuwamo hata kabla ya iodini.

"Kosa hili hutupata sote," mkuu alisema. "Itupe, tuendelee na nyingine."

Kweli huwapata wote. Ila wote hawakuwa wamepiga simu.

Alirudi kwenye korido, akampigia tena mdogo wake. Simu ilipokelewa kwa kikohozi, kisha sauti ya mtoto.

"Mama mkubwa! Mama yuko chumbani, anapangua begi."

"Begi gani, mwanangu?"

"La hospitali. Si nilikuwa nalazwa leo? Mama kasema basi, sichomwi tena sindano. Tunangoja dawa yako."

Kikohozi kikamshika tena, kizito, cha chini kabisa kifuani. Bi Giza akaegemea ukuta, akingoja kiishe.

"Mwite mama," akasema. "Mwambie arudishe nguo kwenye begi. Unanisikia?"

Mtoto alikuwa bado anakohoa.