Mji Niliouita Pori

Iko Jumamosi moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha mtaani kwetu Lozells, hapa Birmingham, tangu alfajiri, nami nilikuwa natoka kazini, kwenye ile hospitali kubwa ya karibu na Harborne nilikokuwa nikisafisha wodi. Nilishuka kwenye basi na mifuko miwili na viatu vilivyolowa chapachapa, nikamkuta Papa Zakaria, mzee wa kanisa letu, ameinama kando ya barabara akichokoa majani kwenye tundu la mfereji kwa fimbo yake ya kutembelea. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye vizingiti vya milango. Magari yanampigia honi, yeye hana habari.

Niliona haya, nisikufiche. Majirani walikuwa wakimchungulia madirishani.

"Papa, acha tu. Watu wa council watakuja," nikamwambia.

"Bakikuja, batakuta nimemaliza," akanijibu bila kuinua kichwa.

Huyu mzee, kule kwetu Kivu, alikuwa kantonye. Nyinyi mliozaliwa Birmingham hamlijui neno hilo. Kantonye ni mtu aliyekabidhiwa kipande cha barabara akitunze: afyeke majani pembeni, azibue mifereji, ajaze mashimo kwa mawe. Alikuwa ameacha kazi hiyo miaka mingi iliyopita, lakini kazi ilikuwa haijamwacha yeye. Basi nikafungua mwavuli nikasimama juu yake, maana ningemwachaje? Tundu lilipozibuka na maji yakaanza kwenda, akanyoosha mgongo na kuniuliza, "Bahati anasema nini?"

Nikamjibu kwamba mimi na Bahati tuna miezi miwili hatujaongea.

Ngoja nikueleze Bahati ni nani. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alifariki mtoto hajajua hata kufunga kamba ya kaptula, nikamlea mimi. Aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, lakini mbele ya watu alisema mimi ndiye mama yake. Vita vikatukimbiza pamoja, tukaishi kambini Tanzania pamoja, akaoa huko. Kisha karatasi zetu zikatoka mbalimbali. Mimi na wanangu tukaletwa Uingereza, yeye akapelekwa Australia. Mwaka wa kwanza aliishi kwenye jiji kubwa, nami nikalitangaza jiji hilo kanisani kama vile nimelijenga mimi.

Halafu akahama. Akapata kazi ya machinjioni, ya kuchinja kondoo, katika mji mdogo ulio ndani kabisa ya nchi, kwenye mashamba ya ngano. Akanipigia simu kwa furaha.

"Yaya, huku nyumba ziko tupu, mapazia bado yananing'inia! Vijana wote wameenda kuishi pwani. Ukame umewachosha wakulima, benki imefungwa, treni inapita na ngano yake haisimami. Daktari anakuja Alhamisi tu. Lakini sisi tuko na nyumba ya vyumba vinne, Yaya. Nimepanda mahindi na maharagwe. Mama mwenye nyumba anatuletea mayai. Na watoto wangu watatu wameongeza idadi ya wanafunzi pale shuleni, kwa hiyo mwalimu wa pili hataondolewa."

Mwanangu, mtu anakueleza furaha yake, na wewe unasikia msiba. Mimi nilisikia benki imefungwa. Nilisikia treni haisimami. Wakati huo wanangu wanne walikuwa wamelala chumba kimoja, ukuta una ukungu mweusi ambao nilikuwa nikiusugua kila Jumapili na Jumatano unarudi, lakini nilimwonea yeye huruma! Nyani haoni kundule.

"Bahati," nikasema, "tulikimbia pori, wewe umelifuata tena?"

Ningependa kukuambia kwamba ilikuwa hofu tu. Na hofu ilikuwepo kweli. Kwetu sisi tuliokimbia, mahali penye watu wachache ni mahali ambapo mtu hupotea na asiwepo wa kusema nilimwona. Niliwaza watoto wale wamezungukwa na mashamba matupu na usingizi ukaniruka. Lakini fahari nayo ilikuwemo. Mama mmoja wa kwaya alikuwa ameniuliza, "Kumbe mdogo wako siku hizi yuko kijijini?" Swali hilo lilinichoma kuliko ukame wote wa Australia.

Nikampigia simu na kumpa amri. Nikamwambia arudi jijini shule zikifungwa, na kama atabaki pale porini basi asinipigie tena, ajue Yaya wake amekufa. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Bahati akasema, "Sawa, Yaya. Nimesikia. Tutahama." Na tangu siku hiyo hakupiga tena.

Hayo yote nilimweleza Papa Zakaria pale kwenye mvua, na nilimweleza kwa majivuno, kwamba mdogo wangu ana adabu, amenitii. Nikamalizia kwa methali, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Papa."

"Na mukubwa mwenye hasikii badogo," akaniuliza, "yeye anavunjika nini?"

Akaketi kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya jirani, fimbo magotini, akaniuliza maswali mengine polepole.

"Ile shule iko na batoto bangapi?"

"Sijui, Papa."

"Ule mwalimu wa pili, jina yake nani?"

"Sijui."

"Ule mama wa mayai?"

Nikatikisa kichwa. Hata jina la mji wenyewe nilikuwa sijui kulitamka.

"Basi unavunja nyumba ya bantu," akasema, "na haujue hata mulango yake iko wapi."

Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu ya majirani. Ndipo akanisimulia habari za barabara yake. Zamani, alisema, kila kijiji kilikuwa na kipande chake, na siku ya salongo, ile kazi ya wote, kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Kisha vijana wakaanza kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Wengine wakaenda mjini. Hakuna aliyeondoka kwa ubaya, kila mmoja alisema mimi ni mmoja tu, nikiondoka kutaharibika nini? Wakabaki wazee. Wazee hawakuweza kuzibua mifereji yote, na masika ya mwaka mmoja yakaikata barabara mahali patatu. Lori lililokuwa likinunua maharagwe likaacha kuja. Lori lilipoacha, muuza chumvi akafunga. Muuguzi wa zahanati akavumilia msimu mmoja, naye akaondoka.

"Kisha Mama Elena akagonjwa," akasema. Huyo alikuwa mkewe. "Tukamubeba na kipoyi mpaka kwenye gari inafika."

Kipoyi ni machela ya miti. Safari ile ilitaka wanaume wanane wa kupokezana, na kijiji kizima walipatikana wanne, wote wenye mvi. Walipumzika mara nyingi mno. Mama Elena alikata roho kabla hawajafika mtoni.

"Bantu banasema mvula njo iliua balabala yangu," Papa Zakaria akasema. "Hapana. Ilikufa juu ya kukosa bantu. Pori ni fasi, ni mahali yenye bantu baliondoka, mwanangu. Na weye unamutuma Bahati naye aondoke."

Akainuka, akaniaga, akaenda zake akichungulia tundu la mfereji uliofuata.

Kesho yake, Jumapili asubuhi kabla ya ibada, nilikwenda kwenye duka la Msomali wa mtaani kwetu aliyekulia Nairobi, nikanunua kadi ya simu ya kukwangua. "Leo unapigia Congo, mama?" akauliza. Nikamwambia Australia. "Ai, huko ni mbali bana, chukua hii ya dakika mingi." Nikaikwangua palepale kaunta, maana nilijua shule za kule zilikuwa zinafungwa wiki ile ile.

Simu aliipokea Neema, bintiye mkubwa Bahati. Aliponitambua sauti ikashuka. "Dad's putting the beds on the truck," akasema. Baba anapakia vitanda. Nikamwomba amwite upesi.

Mwanangu, mkubwa kumwomba radhi mdogo ni mzigo mzito, usione wazee wanaukwepa ukadhani hawajui makosa yao. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Aliposema "Yaya?" yote yakayeyuka.

"Bahati, nisamehe," nikasema. "Niliongea kama mtu asiye na masikio. Hiyo shule ina watoto wangapi?"

Nikamsikia analia, mwanamume mzima, na mimi nikalia naye, watu wamejipanga nyuma yangu na maziwa na mikate yao.

"Yaya, nilikuwa naomba Mungu upige," akasema alipoweza. "Nilikuwa nafunga mizigo pole pole."

"Fungua," nikamwambia. "Teremsha vitanda."

Aliviteremsha jioni ileile, na mama mwenye nyumba akaja kusaidia kubeba magodoro. Lakini maji yakimwagika hayazoleki yote. Shule ilikuwa imekwisha kuandika kwamba watoto watatu wanaondoka, na mwalimu wa pili, alipoona hali hiyo, alikuwa ameshakubali kazi kwingine. Mwaka mzima uliofuata, watoto wote wa mji ule, wakubwa kwa wadogo, walisoma darasa moja chini ya mwalimu mmoja aliyechoka. Mwaka huo nauhesabu kuwa ni wangu. Niliuharibu kwa dakika kumi za simu, nikiwa Birmingham, kwa ajili ya swali la mama wa kwaya.

Sasa sikia lililo jema, maana lipo, tena ni kubwa. Bahati aliwaita rafiki zake wawili wa kambini, wakaja na wake zao na watoto. Nyumba mbili zaidi zikawashwa taa. Mwalimu wa pili akaletwa mwingine. Basi dogo la kwenda mji mkubwa wa jirani, lililokuwa limekatwa, likarudishwa, kwanza siku moja kwa wiki, kisha mbili. Ukame nao ukaachia. Na mimi huku Lozells nilianza kwenda kwenye mikutano ya wakazi, ile niliyokuwa nikiiona ni ya watu wasio na kazi. Nikasimama kwa Kiingereza changu cha kuvunjikavunjika nikaeleza habari za ukungu ukutani, na nikagundua nusu ya mtaa wana ukungu uleule na kila mmoja alidhani ni wake peke yake. Ilichukua muda, lakini walikuja kutengeneza.

Miaka kadhaa baadaye nilipata nauli ya kwenda kumtembelea Bahati. Wakaniandalia chakula kwenye ukumbi wa shule. Watu wengi kuliko nilivyotazamia, kondoo wa kuchoma, ugali wa mahindi ya shamba la mdogo wangu. Mama mwenye nyumba, bibi kizee mwenye mikono ya kazi, akanishika kwa mikono yote miwili na kusema mbele ya watu kwamba anataka kumshukuru dada aliyemwambia Bahati abaki. Watu wakapiga makofi.

Nikamtazama Bahati. Akaangalia sahani yake. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amewaambia kwamba Yaya wake ndiye aliyesema bakini. Hakusema uongo, ila nusu ya kwanza ya habari aliimeza, akanisitiri. Hakuna siku niliyompenda mtoto yule kama siku ile.

Ningeweza kunyamaza nikala kondoo wangu. Lakini Papa Zakaria alikuwa ameshatangulia mbele ya haki wakati huo, na niliona ningemdhulumu. Nikawaambia: mimi ndiye niliyemwamuru aondoke. Mwaka ule mliokaa na mwalimu mmoja, ni mimi.

Yule bibi hakuniachia mikono. Akanitazama kwa macho makavu ya mtu aliyelia zamani, akaniambia, "Na mimi niliwaambia hivyo hivyo wanangu wote wanne, waondoke. Wao wakanisikia."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, na sikuambii ubaki mahali panapokuua, maana mimi mwenyewe nilikimbia na ningekimbia tena. Nakuambia usipime mahali kwa maduka yake. Ukifika popote, iwe Northfield hapa hapa Birmingham au mwisho wa dunia, uliza nani anakosekana hapa, kisha uone kama si wewe. Usiseme mimi ni mmoja tu, mtu ni watu. Na ukiwa mkubwa wa mtu, ukijaliwa mdogo wa kukutii, uliza kwanza kabla ya kuamuru, kwa kuwa kuuliza si ujinga, na yule anayekutii kwa upendo ndiye utakayemuumiza zaidi ukikosea. Ukishakosea, piga simu siku hiyohiyo. Usingoje heshima yako ipone.

Mungu akupe mlango unaogongwa na majirani, na sufuria isiyotosha kwa wingi wa wageni. Akupe wadogo wanaokusitiri na wakubwa wanaokukanya. Na siku utakayochelewa kurudi nyumbani, asikose mtu wa kusimama barazani na kuuliza uko wapi. Amina.