Herufi Moja Kwenye Jiwe la Baba

Kaunti ilipokubali nyumba yetu ya Kitale iwekwe jiwe la kumbukumbu, kwa kuwa hapo ndipo baba alipoanzia kiwanda chake cha unga, sisi watoto tulivimba vichwa. Mama peke yake ndiye aliyenuna. Aliuliza swali moja tu: na yeye ataandikwa wapi?

Kaka yangu mkubwa, mwenyekiti wa kila kitu katika ukoo wetu, alimjibu kwamba jiwe ni dogo na historia ni ya mzee. Nilimkasirikia sana, lakini kwetu neno la kifungua mimba halipingwi.

Jiwe lilichongwa Bungoma, maana kaka hakutaka kazi ya ukoo ifanywe na fundi asiye wa kwetu. Maneno alimsomea fundi wake kwa simu. Sasa, kaka ni Mbukusu kindakindaki: kinywani mwake L na R hubadilishana viti zipendavyo. Akienda kulala, utasikia anaenda kurara. Fundi naye ni wa huko huko. Aliandika alichosikia, wala hakuona kosa.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Watu walikuja kutoka hata Saboti, na kwaya ya kanisa iliimba mpaka mbwa wakanyamaza. Pasta akafunua kitambaa, akasoma kwa sauti: "Mahari hapa ndipo kilipoanzia kiwanda cha unga." Kisha akafuta miwani yake, akasoma tena kimoyomoyo.

Mahari, badala ya mahali. Vijana walianza kucheka chini kwa chini. Kaka alitoa simu amkemee fundi, na afisa wa kaunti akashauri jiwe lifunikwe, lirudishwe Bungoma.

Mama alikuwa amekwisha kuinuka. Nilimshika mkono nikidhani amekasirika, kumbe anacheka hadi machozi. Aliipapasa ile R kwa kidole, akawageukia watu, akawaeleza jambo ambalo hata sisi watoto wake hatukuwahi kuambiwa. Baba alipotaka kununua injini ya kusagia mahindi hakuwa na kitu, akaenda kwa wakwe zake mikono mitupu. Babu, mzaa mama, akawatoa zizini ng'ombe wote wa mahari ya bintiye, wakauzwa sokoni, injini ikanunuliwa. Baba aliona haya kulisema jambo hilo, na mama akamtunzia heshima yake mpaka tukamzika.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, na furaha kama ile sijaipata kwenye harusi yoyote, hata yangu.

Kaka, simu bado mkononi, alimnong'oneza mama kwamba fundi yuko tayari kurekebisha, ati ni herufi moja tu.

"Si ni sawa," mama akasema. "Lakini mwenye atagusa hiyo R, anirudishie kwanza ng'ombe za baba yangu."