Tulivyoigawa Zohali

Harufu ya vumbi la ngano iliyochanganyika na grisi ya zamani ikinifikia popote, hata nikipita tu karibu na gereji hapa Eldoret, mimi huona falme zimejaa angani. Wengine harufu hiyo huwakumbusha mafundi na nguo chafu. Mimi hunikumbusha Malkia Mkuu wa Mirihi, na ng'ombe wa mwezini, na chombo chetu cha kusafiria kati ya nyota, ambacho kilikuwa kombaini. Ndiyo, kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia ngano. Mzungu aliyekuwa na shamba aliiacha nyuma ya stoo alipouza kila kitu akaenda zake. Magurudumu yalikuwa yamezama kwenye matope, rangi imebabuka, na kuku wa mama walitaga chini ya kiti cha dereva. Lakini ukipanda ngazi ukateremka ndani ya tangi lake la ngano, ukakaa kwenye bati lenye joto la mchana, sauti yako ilirudi nene kama ya mtu wa redio. Ndani ya tangi hilo mimi na rafiki yangu Nekesa tuliandika kwa mkaa historia ya mambo ambayo hayajatokea. Sikuwahi kufurahi vile tena mpaka nilipopata watoto, na hata hapo sina uhakika.

Wakati huo Kimumu, hapa pembeni mwa Eldoret tulikohamia, haikuwa mtaa. Ilikuwa mashamba matupu, upepo, na baridi ya asubuhi inayouma masikio. Sisi tulikuwa tumetoka Nyeri kwa lori, familia nyingi pamoja na mbuzi wao, kwa sababu baba alikuwa amenunua hisa katika kampuni ya kununua mashamba. Shamba lenyewe lilikuwa limeshanunuliwa lakini halijapimwa, basi wenye hisa tulikaa kwenye banda la farasi la yule mzungu tukisubiri siku ya kura. Siku hiyo kila mmoja angechomoa karatasi kwenye kofia na kujua sehemu yake ni ipi. Nekesa hakuwa anasubiri chochote. Baba yake, Mzee Wafula, ndiye aliyeendesha ile kombaini miaka yote, na walikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kule mlimani. Wenzao walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja, ikabaki familia yao peke yake. Hawakuwa na hisa. Hata sisi watoto tulijua kwamba kura ikishapigwa wataambiwa wahame, na hawakuwa na pa kwenda, maana kule Bungoma alikotoka Mzee Wafula ndugu zake walikuwa wameshagawana mashamba yote akiwa huku juu ya kombaini. Nekesa alikuwa rafiki yangu wa kwanza katika nchi hii ya baridi. Niliiogopa siku ya kura kuliko nilivyoogopa fisi.

Mambo ya angani yalianza na redio. Ilitangazwa kwamba watu wametembea mwezini, na jioni ile wazee walibishana mpaka wakasahau kununua walichokuja kununua katika kiduka cha baba, alichokuwa amekifungua kwenye chumba cha matandiko ya farasi. Wengine walisema ni uongo mtupu. Baba, mtu wa mzaha sana, alikuwa akikata kipande cha sabuni, akasema, "Kama mzungu amefika, mwakani ataweka waya. Halafu watu watapigania uhuru. Halafu sisi tutaambiwa tununue hisa." Duka zima likacheka. Mimi na Nekesa, tuliokuwa tumekaa juu ya gunia la chumvi, hatukucheka hata kidogo. Tuliona amesema jambo la wazi kabisa. Hatukujua kwamba dunia inaweza kwenda kwa njia nyingine yoyote. Kwanza waya, kisha uhuru, kisha hisa, kisha kura, na sisi tuliona ni vizuri mtu aanze mapema kupanga.

Basi tukapanga. Kwanza ilikuwa Enzi ya Waya, ambapo Dola ilifika mwezini, ikauzungushia mwezi wote seng'enge, ikasema kila kilicho ndani ni chake pamoja na giza. Malkia Mkuu alikaa Mirihi kwa sababu udongo wa huko ni mwekundu kama wa kwetu Nyeri, na mimi sikuona udongo mwingine unaomfaa malkia. Upande wa giza wa mwezi ndiko kulikuwa na laini za wafanyakazi. Kila Jumamosi walipanga foleni na madebe kupokea posho ya hewa, na nyapara akikuchukia alikupimia kidogo, ukapumua kwa mpango mpaka Jumamosi nyingine. Kodi ya kichwa ililipwa kwa ukubwa wa kofia ya chuma, hivyo wenye vichwa kama changu waliumia zaidi. Hiyo ni Nekesa aliyesema, si mimi. Ng'ombe walivalishwa kofia za kioo zenye tundu la kulia nyasi. Nilipouliza kama hewa haitatoka kwenye tundu, Nekesa alinitazama kwa huruma akasema, "Ng'ombe amezoea." Na uhuru ulipokuja, tuligundua kwamba huko hakuna upepo wa kupeperusha bendera, tukaajiri familia nzima ya kuitikisa mchana kutwa, na kazi hiyo ikawa ya kurithi. Tulicheka mpaka tumbo likauma, tumelala chali ndani ya tangi, na kicheko chetu kikizunguka kwenye bati kama cha umati wa watu.

Ni Nekesa aliyesema tumeanza historia katikati. "Kabla ya waya kulikuwa na nani?" aliuliza. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba hata hapa, kabla mzungu hajafika, kulikuwa na wenye ng'ombe wao, na mawe ya maboma yao yalikuwa bado yanaonekana karibu na mto. Mimi nilikuwa nimeshaijaza sehemu ya juu ya bati kwa jina langu, lakini Nekesa alilifuta kwa kiwiko bila hata kuomba ruhusa, akaandika: Hapo mwanzo kulikuwa na watu na ng'ombe wao, na hakuna aliyewauliza. Nilinuna kidogo kwa ajili ya jina langu. Halafu nikaona kweli historia imekuwa nzuri zaidi.

Tulipofika Enzi ya Kura ndipo tulipokosana. Niliiba kofia ya baba, tukatia karatasi zenye majina ya dunia zote, nami nikachomoa Zohali, ile yenye pete. Shida ni kwamba Nekesa alikuwa anakaa Zohali tangu siku ya kwanza. Alikuwa na jiko lake pale ukingoni mwa pete, na amepanda sukuma wiki. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na mwenyekiti wetu wa kampuni nilikuwa nimemsikia anavyosema, basi nikakunja uso nikasema kama yeye, "Watu wa laini watoke kabla ya mvua."

"Zohali hakunyeshi," akasema Nekesa.

"Basi watoke tu."

Kisha akauliza polepole, "Na mimi nitapika wapi?" Mwenyekiti akikosa jibu hupandisha sauti, nikapandisha. Nekesa alipanda juu ya ukingo wa tangi, akashuka ngazi, akaenda zake bila kunitukana. Nekesa akikosa kukutukana, jua umemuumiza kweli. Nikabaki peke yangu na dunia zangu zote, na kumbe baba alikuwa pale chini akiokota mayai. Sauti yake ilipenya kwenye bati: "Ala! Mwenyekiti, umemfukuza mtu na sufuria iko motoni?"

Nililia, sitaficha. Kesho yake nilimpelekea Nekesa hindi la kuchoma, changa, la maziwa, akalila lote kwanza ndipo akakubali kuzungumza. Tukarudi kwenye tangi tukatunga Sheria ya Moshi. Kabla ya kura yoyote, katika dunia yoyote, mwenyekiti atapanda juu alfajiri atazame. Kila jiko linalotoa moshi lina mwenyewe, na mwenyewe haondoki. Niliuliza moshi wa Zohali unaenda wapi kama hakuna upepo, Nekesa akasema unazunguka na pete. Tuliiandika kwa herufi kubwa kuliko zote. Baba naye akaipenda sana, maana kila jioni akifunga duka alinipigia saluti na kuuliza, "Habari ya Zohali? Moshi umeonekana?" Nami nilijibu, "Umeonekana, afande."

Siku ya kura ikafika. Wanaume walivaa makoti, wanawake walipika kwenye masufuria makubwa, na Mama Nekesa alikuwa miongoni mwao akimenya viazi vya sherehe ya watu wengine. Mwenyekiti alizungusha kofia. Waliopata udongo mweusi wa kule mtoni walirukaruka kama watoto. Baba alifumba macho, akaomba, akachomoa karatasi yake. Msaidizi wa mpimaji akaisoma, akanyoosha kidole kuelekea mlimani, kwenye laini. "Pole, Baba Njoki," majirani wakamwambia, "umepata mawe na nyumba kuukuu." Mwenyekiti akampiga begani akasema shamba ni lake sasa, awaambie tu wale watu wa Wafula watoke ajipangie. Ngai! Nekesa alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kombaini, ananitazama mimi, si baba yangu. Baba alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akala chakula chake bila mzaha hata mmoja, na hilo lilinitisha zaidi.

Alfajiri aliniamsha. Hakuwahi kuniamsha kwa ajili ya matembezi. Alikuwa amevaa koti lake kubwa, akanishika mkono tukaenda mpaka nyuma ya stoo, akapanda kombaini, yeye na uzito wake wote, kuku wakapiga kelele. Kutoka juu pale mlima wote ulionekana, na umande, na laini yenye mapaa meusi. Kutoka paa moja tu moshi ulikuwa unapanda, mweupe, umenyooka.

"Njoki, unaona nini?"

"Moshi."

"Ile sheria yenu, ni ya Zohali peke yake?"

"Ni ya kila mahali, baba."

"Nani aliipitisha?"

"Mimi na Nekesa."

"Hakuna aliyepinga?"

"Hakuna."

Baba alijikuna pua. "Haya," akasema. "Ikishapita, imepita." Akashuka, akatembea moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mzee Wafula, mimi nikimkimbilia nyuma, akapiga hodi. Mzee Wafula alitoka kofia ikiwa mkononi, uso umemshuka, maana alijua baba amekuja kumfukuza. Baba akamwambia, "Mzee, nasikia harufu ya chai. Tupe kikombe, kisha uchukue kamba tukapime pako."

"Pangu?" akauliza Mzee Wafula.

"Pako. Hawa wasichana walishapima zamani. Sisi ndio tumechelewa."

Sijui wazee walisema nini baada ya hapo, kwa sababu Nekesa alitoka jikoni kama risasi, na mimi na yeye tulipiga mayowe, tukaruka, tukaanguka kwenye sukuma wiki ya mama yake. Tulichapwa kwa ajili ya ile sukuma wiki. Tulichapwa tukicheka.

Mama yangu hakucheka. "Umegawa shamba kwa sheria ya kombaini?" alimuuliza baba, na siku nzima alikoroga chungu kwa kelele. Lakini jioni alinipa mfuko wa mbegu za maharagwe. "Mpelekee Mama Nekesa," akasema, "asije akapanda mbegu mbovu karibu na zangu."

Ile kombaini ilikatwakatwa na mafundi wa jua kali, wale wafua bati wa kando ya barabara, miaka mingi iliyopita. Mzee Wafula aliomba bati la tangi, akatengenezesha majiko mawili, moja lao, moja letu. Leo Kimumu imejaa ghorofa, na kutoka kwangu hapa mlimani huwezi tena kuona mpaka kule mtoni, wala hakuna atakayeamini kwamba baridi ya hapa ilikuwa na nafasi ya kukimbia. Baba na Mzee Wafula walilala zamani usingizi wa mwisho. Mimi na Nekesa tumezeeka kila mmoja upande wake wa ua. Kulikuwa na wakati mbaya pia hapa kwetu, watu walipoanza kuulizana umetoka wapi, na sisi tuliotoka Nyeri tukawa tunafukuzwa. Asubuhi moja ya wakati huo Nekesa alibeba jiko lake, akaliwasha mbele ya mlango wangu, akapika hapo mchana kutwa, na kila aliyesimama njiani, Nekesa alimwambia kwamba hapa pana mwenyewe. Niliketi nyuma yake nikimenya viazi, na sikuogopa tena.

Juzi mjukuu wangu, ambaye huniita cucu, yaani bibi, alinionyesha kwenye simu yake picha za Mirihi, udongo mwekundu kama niliousema. "Cucu, watu wataenda kukaa huku," akasema. Nikamuuliza nani anapika huko sasa. Akasema hakuna mtu. "Wametazama alfajiri?" nikamuuliza, akacheka mpaka simu ikamwanguka. Gesi yangu ilikuwa imejaa, sikuwa na shida ya moto. Hata hivyo nilitoa lile jiko la bati nje, nikalijaza magunzi mabichi ya mahindi, nikawasha, moshi ukapanda mzito kuliko ulivyohitajika, mjukuu akaanza kukohoa na kuniuliza, cucu, kwani unachoma nini. Nikamwambia anyamaze kidogo asikilize. Haikupita muda, kutoka ng'ambo ya ua, sauti ya kikongwe ikapiga kelele, "Zohali! Nimekuona!"