Kanisa la askari juu ya makaburi yetu Mohoro

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sitaongeza chumvi. Nina hasira, mnivumilie.

Kwetu Mohoro kuna gofu la ukuta wa mawe. Lilikuwa kanisa dogo la askari wa mkoloni.

Bibi yangu mzaa baba kila Shaabani huenda kufagia pale na kuchoma ubani. Anasema babu yake kazikwa chini ya ukuta ule.

Tulimcheka. Muislamu na ubani wake kanisani! Baba mdogo akamkataza kabisa, eti anatutia aibu msikitini. Mzee wa watu akawa anakwenda kwa kujificha.

Mimi nikazidi. Mwaka juzi nilibomoa kona ya ule ukuta nipate mawe ya msingi wa choo. Chini yake nikakuta bakuli jeupe, limemeguka ukingo. Nikadhani ni la wale askari, nikaenda kuwawekea kuku maji.

Sasa wiki iliyopita niko Kibiti, mwalimu mmoja mstaafu anayekusanya postikadi za zamani akanionyesha mbili za Mohoro.

Moja ni kanisa limekamilika, askari wamejipanga mlangoni, viatu vinang'aa.

Nyingine ni uwanja uleule kabla ya ujenzi. Vibarua wamebeba mawe, na miguuni pao makaburi matano, kila moja na bakuli upande wa kichwani. Kama tunavyoweka sisi mpaka leo.

Wakuu! Kumbe waliyaona! Wakayapiga picha, wakajenga juu yake, halafu wakaandikiana salamu nyuma ya hiyo picha!

Nikaipiga picha kwa simu, nikarudi nyumbani nafoka. Washenzi wale, hawana haya!

Bibi akaisogeza simu karibu na macho. Akasema, "Wao walikuwa hawamjui babu yangu, mjukuu wangu. Wewe nilikwambia."

Akainuka, akafukuza kuku, akamwaga maji, akaanza kulifuta lile bakuli kwa kanga yake.

Nilikosa pa kuuficha uso. Matusi yote niliyowatukana wale askari yalinirudia mwenyewe.

Choo nimekibomoa, mawe nimeyarudisha moja moja. Baba mdogo amekuja kusaidia, haniangalii. Bibi hajasema nami tangu siku ile.

Nilichojifunza: mzee akikuambia hapa pana kaburi, usingoje picha ya mzungu ndiyo uamini.

Kama kuna mtu humu amewahi kumuomba radhi bibi yake kwa jambo zito kama hili, aniambie alianzia wapi. Bakuli bado amelikumbatia.